Kiti cha utingo na dereva mpya wa Kusini

Bei ya korosho ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo kwenye mnada wa kwanza wa msimu wa 2024/25, kila mtu Mtwara na Lindi alijua fedha zile zitaelekea wapi: bati, ada, mahari, pikipiki, na kwa waliovuna vizuri, gari. Tangu hapo magari yenye namba E si kitu cha kushangaza tena, hata katika vijiji ambavyo miaka michache nyuma gari dogo likiingia watoto walilikimbilia. Magari yamekuja na madereva wapya, na madereva wapya wamekuja na lawama. Vijiweni, misibani na ndani ya mabasi utasikia maneno yale yale: leseni zinanunuliwa, vishoka wamejaa, trafiki wakaze kamba, kila mtu arudishwe darasani. Naielewa hasira hiyo, maana imetokana na watu tuliowazika. Ila nadhani ugonjwa wenyewe tumeutambua vibaya.

Dereva mpya anayenitia hofu zaidi kwenye barabara zetu si yule aliyenunua leseni. Ni yule aliyesoma kihalali, akazijua alama moja baada ya nyingine, akafaulu mbele ya askari, kisha siku ile ile akakabidhiwa funguo na kuachwa peke yake na barabara ya zaidi ya kilomita mia. Huyo kwenye karatasi hana kosa lolote. Alichokosa ni muda wa kukaa pembeni ya mtu anayejua, na muda huo zamani ulikuwa na jina lake huku kwetu. Uliitwa utingo.

Walio chini ya miaka 30 hawaikumbuki vizuri barabara ya Kusini kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na ng'ambo ya pili mchanga na tope vilikuwa vinakusubiri hadi Somanga na kuendelea. Wakati wa kifuku safari ya Dar es Salaam ilihesabiwa kwa siku, na aliyeondoka hakuaga kwa kusema saa ya kufika. Katika barabara ile mtu hakuweza kukimbia hata akitaka. Ukikosea unakwama, unachimba, unalala porini, na kesho yake hukosei tena pale pale. Na hakuna aliyeanza kwa kushika usukani. Ulianza ukiwa utingo: unabeba gogo la kuzuia tairi, unagonga matairi kwa chuma kusikiliza lililopungua upepo, unasimama nyuma ya lori usiku na tochi ukiita "lete, lete, kata kulia, hapo hapo". Miaka miwili, mitatu, unakaa kiti cha kushoto ukitazama mkono na mguu wa dereva. Siku moja anakwambia uligeuze lori hapo uwanjani. Miezi baadaye anakuachia kipande kilichonyooka, mchana, lori likiwa tupu. Mzigo na usiku vilikuja mwisho kabisa. Utaratibu huo haukuandikwa popote, lakini ulikuwa utaratibu: kwanza uone, kisha ufanye kidogo chini ya jicho la mwingine, kisha uachiwe. Watu wa huku hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Mwali hatoki unyagoni kwa kupewa karatasi, ana somo wake anayemfuata hata baada ya ngoma kwisha.

Lami ilipofika, mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Barabara iliacha kumpunguza mtu mwendo, na njia ya kuupata udereva ikafupishwa. Leo anayetaka kuendesha gari dogo hujiandikisha chuoni, hupata leseni ya kujifunzia, ile ya daraja H inayodumu miezi mitatu, husoma alama na sheria, hufundishwa kwa wiki kadhaa, hupimwa na polisi, kisha TRA humpa leseni. Kwa maandishi ni mfumo mzuri, na sitaki mtu asome makala hii akadhani nadharau vyuo. Anayetoka chuo kizuri anajua kwamba kwenye kipilefti humpisha aliyekwisha kuingia anayetoka kulia kwake, anajua kivuko cha zebra ni haki ya mtembea kwa miguu wala si hisani, anajua kufunga mkanda kabla ya kuwasha gari. Wazee wengi wa enzi ya utingo hawakuyajua hayo, na wengine hadi leo hawayataki. Lakini tazama masomo ya vitendo yanafanyika wapi na kwa mwendo gani. Gari lenye kibao cha L linazunguka mitaa ya mji kwa spidi ya baiskeli, linarudi nyuma kati ya nguzo, linapanda tuta, linaegeshwa. Mtihani nao unapima hayo hayo. Mwanafunzi anafuzu kulimudu gari. Kuimudu barabara kuu hajawahi kupimwa, maana hajawahi kupelekwa.

Mwaka jana nilikuwa natoka Masasi kwenda Mtwara na mpwa wangu, akiendesha IST yake ya kwanza, leseni ikiwa na wiki chache. Kijana mtulivu, hanywi, hapigi simu akiendesha. Tulipopita Mtama tukakuta lori la makaa ya mawe lenye tela, limelemewa, linakwenda spidi 60. Aliangalia kioo cha ndani, akaangalia cha pembeni, akawasha indiketa, akatoka. Kila kitu kilikuwa kama alivyofundishwa. Tulikuwa usawa wa tairi za mbele za tela basi lilipochomoza juu ya mpando. Namshukuru Mungu dereva wa lori alikanyaga breki na kutuachia nafasi. Mpwa wangu alisimama mbele kidogo, mikono ikimtetemeka kwenye usukani, akaniuliza, "Mjomba, nimekosea wapi?" Na mimi, ambaye nimeendesha kwa miaka mingi, nilishindwa kumjibu papo hapo, kwa sababu kwa kanuni alizofundishwa hakuwa amekosea.

Nilimjibu usiku, kwa karatasi na kalamu. Lori linakwenda 60, wewe unalipita kwa 80. Tofauti yenu ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu kwa sekunde. Lori na tela lake ni mita kama 18, gari lako mita nne, na unahitaji mita 20 za kutokea nyuma yake na nyingine 20 za kurudi mbele yake bila kumkatia. Jumla mita 62. Kwa tofauti ile ya mwendo, utatumia sekunde 11. Ndani ya sekunde hizo gari lako limekula mita karibu 250 za lami, na basi linalokuja kwa 80 nalo limekula 250. Unahitaji nusu kilomita iliyo wazi, unayoiona kwa macho yako, kabla hujatoka. Nusu kilomita ni viwanja vitano vya mpira vikipangwa mstari mmoja. Pale tulipokuwa, hadi kilele cha mpando, hapakufika viwili.

Hesabu hiyo ndiyo moyo wa udereva wa barabara kuu, na utingo aliyepita mara mia pale Mtama aliijua bila kalamu. Aliona fundi wake, yule dereva, anavyosubiri. Alikereka, akataka kumwambia apite, kisha akaona basi linachomoza na kuelewa kwa nini hakupita. Kuona mwenzako anaacha kufanya jambo ni somo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulitoa, na ndilo lililopotea kiti cha kushoto kilipobaki kitupu.

Kuna na lugha nzima ya barabarani isiyo kwenye orodha ya alama. Lori likiwasha indiketa ya kushoto, mara nyingi dereva wake anakwambia njia ni nyeupe; akiwasha ya kulia anakwambia ngoja, kuna kitu. Lakini indiketa ya kulia ni hiyo hiyo anayoiwasha akitaka kukunja kulia kuingia shambani, na ya kushoto ni hiyo hiyo anayoiwasha akitaka kuegesha. Mzoefu huipokea kama ushauri, kisha anatazama mwenyewe. Mgeni huipokea kama ruhusa. Matawi mabichi yaliyotupwa juu ya lami nayo yana maana: mbele kuna gari limekufa, huenda liko nyuma ya kona, huenda usiku halina taa wala reflekta. Nimeona dereva mpya akiyakanyaga matawi yale kwa spidi ile ile, akidhani ni mzigo wa kuni uliodondoka. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kuketi naye akamwambia.

Sasa turudi kwa wanaosema tatizo ni leseni za kununua. Wana hoja, na nzito. Leseni iliyopatikana bila mtihani ni hatari kwa kila anayetembea kando ya barabara, na ndiyo maana naunga mkono polisi kuhakiki leseni na vyeti, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuwapima kwa mtihani madereva wa magari ya biashara. Ninapoachana nao ni wanapodhani kwamba tukiwaondoa wote waliodanganya, waliobaki watakuwa salama. Mpwa wangu angebaki. Wapo pia wanaosema dawa ni kuongeza saa za darasani, na hoja hii nayo inavutia mpaka uangalie wenzetu walioijaribu. Huko Marekani, katika eneo la DeKalb jimboni Georgia, mwishoni mwa miaka ya 1970 vijana wapatao 16,000 walifuatiliwa: baadhi walipewa mafunzo ya zaidi ya saa 70, wengine mafupi, wengine hawakupewa kabisa shuleni. Faida ya mafunzo marefu ilionekana mwanzoni tu, kisha ikayeyuka. Norwei walikwenda mbali zaidi; waliwafundisha madereva wapya kulidhibiti gari kwenye utelezi, na uchunguzi wa miaka ya 1980 ukakuta ajali za vijana wa kiume zimeongezeka. Walitoka mafunzoni wakijiona mabingwa, wakakanyaga mafuta zaidi.

Kilichofanya kazi ni kingine. Uswidi mwaka 1993 ilishusha umri wa kuanza kujifunza hadi miaka 16, huku leseni yenyewe ikibaki miaka 18, ili kijana awe na miaka miwili ya kuendesha akiwa na mzazi au mtu mzima pembeni. Waliotumia nafasi hiyo walifikisha wastani wa saa kama 120 za mazoezi kabla ya leseni, zaidi ya mara mbili ya waliotangulia, na ajali zao baada ya leseni zilipungua kwa kiasi kikubwa. New Zealand ilitangulia mwaka 1987 kwa kugawa leseni katika ngazi: kwanza unasindikizwa, kisha unaendesha peke yako ila usiku sana hapana na kubeba abiria hapana, kisha unaachiwa. Soma tena ngazi hizo polepole. Kwanza uone na usindikizwe, kisha mchana bila mzigo, kisha usiku na watu. Ni utingo. Walichokijenga kwa sheria na utafiti, wazee wetu walikuwa nacho kwenye lori la mkonge na mihogo, na sisi tukakiacha siku tulipoona lami.

Nitapingwa hapa, na kwa haki. Utingo hakuwa shule ya malaika. Alilala chini ya gari, alilipwa chakula na matusi, na alirithi maradhi ya fundi wake pamoja na maarifa yake: kushuka mteremko bila gia ili kubana mafuta, kuendesha na konyagi kichwani, kujaza mzigo hadi chuma kilie. Wengi walishika usukani wa lori barabarani bila leseni ya aina yoyote. Na kiti kile kilikuwa cha wanaume peke yao; hakuna binti aliyepewa gogo na tochi. Chuo ndicho kilichomfungulia mwanamke wa Mtwara mlango wa udereva, na mtu anayetaka turudi kwenye utingo kama ulivyokuwa anamfungia mlango huo. Nakubali yote. Ninachokitaka ni kile kiti, siyo njaa na matusi yaliyokizunguka, na kikiwekwa ndani ya sheria kinaweza kukaliwa na yeyote.

Hoja nyingine inaelekeza kidole kwenye barabara na malori. Makaa ya mawe ya Ruvuma yanashuka hadi bandari ya Mtwara, saruji ya Dangote inapanda, korosho zinaingia bandarini, na yote hayo yanapita kwenye lami ile ile nyembamba anayoitumia anayekwenda harusini Ndanda. Mvua nazo zinafanya lake. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara eneo la Somanga na kutuacha Kusini tukiwa kama kisiwa. Barabara pana zaidi na mizani inayofanya kazi vingeokoa maisha, na tusichoke kuvidai. Lakini lori halitaondoka kesho, na mashimo hayatazibwa wiki hii. Wingi wa malori ndio unaofanya hesabu ya kupita gari iwe ya kila siku badala ya mara moja kwa safari, kwa hiyo hoja hii, ukiisukuma hadi mwisho, inadai madereva wapya wasindikizwe zaidi.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba vibao vya 50 vijijini ni mitego ya tochi, vimewekwa ili trafiki wakusanye faini ya shilingi 30,000, na kwamba dereva mzuri anajua mwenyewe mwendo unaomfaa. Nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Jibu lake limo kwenye miili ya watu. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kuwa mtu mzima akigongwa na gari linalokwenda 50, uwezekano wa kufa ni chini ya asilimia 20. Akigongwa na linalokwenda 80, unakaribia asilimia 60. Nyumba zetu zimejengwa zikitazama barabara, kisima kiko ng'ambo, shule iko ng'ambo, na saa saba mchana watoto wanatoka wote kwa mara moja. Kama kuna askari anayekitumia kibao kile vibaya, ashughulikiwe askari. Kibao kibaki. Na dada yake hoja hii ni ile methali tunayoitoa msibani, ajali haina kinga. Methali ile ni ya kumfariji aliyefiwa, na mahali pake ni msibani. Anayeitoa kabla ya safari, akiwa na funguo mkononi na tairi limekwisha, anaitumia kukwepa wajibu wake.

Kuna jambo moja jipya ambalo hata utingo wa zamani asingelifundisha, nalo ni gari la otomatiki. Limewarahisishia watu kujifunza, na hilo ni jema. Ila limeondoa mguu wa klachi na, pamoja nao, kumbukumbu ya gia. Anayeshuka kutoka uwanda wa Makonde kuelekea Masasi, au anayeteremka kuingia Mikindani, akiacha mkono kwenye D na mguu kwenye breki mteremko mzima, breki zinapata moto, zinanuka, na mwisho zinalegea. Kwenye gari hilo hilo kuna herufi au namba chini ya D, 2 au L, ambazo madereva wengi wapya niliowauliza hawajawahi kuzigusa na hawakuambiwa ni za nini. Ni za kushikia gari kwenye mteremko kwa nguvu ya injini. Julai 2022 basi la shule lilitumbukia korongoni kule Mikindani na kuua wanafunzi. Siihusishi ajali ile na dereva mpya. Naitaja kwa sababu kila mzazi wa Mtwara akiusikia mteremko wa Mikindani anawakumbuka watoto wale, na bado tunawapa vijana wetu magari bila kuwashusha pale hata mara moja tukiwa nao.

Na hebu tutazame kalenda, maana Kusini ina kalenda yake. Minada inaanza Oktoba. Malipo yanaingia kati ya hapo na Desemba. Gari linanunuliwa, chuo kinasomwa kwa haraka, leseni inatoka mwanzo wa mwaka. Miezi ya kwanza ya udereva ndiyo hatari kuliko yote. Hilo limeonekana kila nchi iliyohesabu. Kwetu miezi hiyo inaangukia katikati ya kifuku, lami ikiwa na maji, malori ya korosho bado yanakimbilia bandari, ndugu wamerudi likizo na kila mtu anataka kupelekwa mahali, mara nyingi usiku. Usiku nao una hesabu yake: taa za chini zinakuonyesha mita 40 hadi 60, na gari linalokwenda 80 kwenye lami kavu linahitaji kama mita 70 kusimama. Maana yake, ukikimbia 80 kwa taa hizo, unachokiona umeshachelewa kukiona. Mgeni aliyejifunza mchana na kwenye lami kavu tumemweka usiku na mvuani wiki yake ya tatu. Ukitaka kupanga ratiba ya kumdhuru mtu, huwezi kupanga vibaya zaidi ya hapo.

Kutokana na hayo naona mambo yanayowezekana bila kusubiri bajeti ya taifa. Leseni ya kujifunzia ya miezi mitatu itumike kama miezi mitatu kweli, na mwanafunzi awe na daftari la safari lililosainiwa na aliyemsindikiza: mchana, usiku, mvua, mlima, barabara kuu. Askari anayempima aanze kwa kulifungua daftari hilo. Vyuo, na VETA zetu za Mtwara na Lindi ziwe za kwanza, viweke safari moja ya kwenda na kurudi Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi, kuwa sehemu ya kozi, kurudi kukiwa giza. Safari hiyo moja itamkutanisha mwanafunzi na malori, mabasi, baiskeli zisizo na taa, mbuzi, matawi barabarani na mwanga wa kupigwa machoni. Kwa mwaka wa kwanza wa leseni, abiria wa usiku kwenye barabara kuu wasiruhusiwe mpaka pembeni akae mwenye leseni ya miaka kadhaa. Na makampuni ya bima yanaweza kumpunguzia ada anayeleta daftari lililojaa. Wao ndio wanaolipa gari likipinduka.

Kizuizi cha kweli ninachokiona ni kimoja. Kwa familia nyingi mwenye gari jipya ndiye dereva wa kwanza katika ukoo mzima. Baba hakuendesha, mjomba hakuendesha, hakuna wa kukaa pembeni. Uswidi hawakuwa na shida hiyo. Lakini tuna kitu ambacho hatukitumii. Masasi, Lindi, Mikindani, Nachingwea, barazani kwa kila mtaa kuna mzee aliyeendesha lori njia hii ilipokuwa tope, ambaye macho yake yamechoka kwa usiku lakini kichwa chake kina kila kona kutoka Nangurukuru hadi bandarini. Wapo pia wanawake waliostaafu kuendesha magari ya serikali na ya miradi, wenye mkono mtulivu kuliko wanaume wengi ninaowajua. Hao wapimwe macho na afya, wafundishwe siku chache sheria za sasa, kisha waorodheshwe kwenye vyuo kama wasindikizaji. AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika, nazo hukutana na wakulima kabla ya malipo kuanza kutoka; ni mahali pa kuwatambulisha wazee hao kwa majina na namba za simu, kabla fedha haijageuka gari. Msindikizaji akilipwa shilingi 30,000 kwa safari, sawa na faini ya kosa moja, safari kumi ni shilingi 300,000. Kwa mtu aliyetoka kununua IST, hiyo ni bei ya tairi chache, na mzee atakuwa na kazi kuanzia Novemba hadi Machi.